MBA kwa Mtaalamu wa Kompyuta: Inafaa Lini, na Inagharimu Nini

Katika ukurasa wetu wa elimu na ajira, safari hii tunaangazia shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, ambayo wengi wanaijua kwa jina la MBA. Tunawalenga hasa wakazi wanaofanya kazi za kompyuta: afisa wa TEHAMA katika hospitali ya kaunti ndogo, msimamizi wa mtandao wa sacco, mwandishi wa programu anayefanya kazi za kandarasi, na kijana mwenye duka la kuuza na kutengeneza kompyuta mjini. Wote hawa hufika mahali pamoja. Kazi wanaijua, mitambo wanaiweza, lakini nafasi ya juu inapotangazwa anachukuliwa mtu mwingine, na wakati mwingine mtu huyo hajui hata kubadilisha nywila ya ruta.

Je, MBA ndiyo dawa? Kwa baadhi yao, ndiyo. Kwa wengine ni njia ghali ya kubaki pale pale. Shahada hii hula pesa nyingi na, kwa anayesoma huku akifanya kazi, hula jioni na Jumamosi za miaka miwili au zaidi. Anayeiendea bila hesabu anaweza kumaliza akiwa na deni jipya na cheo kilekile. Kwa hivyo tuanze na kile inachofundisha, tuone kinavyotumika kazini, halafu tupige hesabu ya gharama.

Kinachofundishwa darasani

MBA ilianza kutolewa na Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani mwaka 1908, na leo vyuo vikuu vingi vya umma na vya kibinafsi nchini Kenya vinaitoa. Masomo yake ya msingi hayatofautiani sana kutoka chuo kimoja hadi kingine: uhasibu, usimamizi wa fedha, masoko, uchumi, usimamizi wa wafanyakazi, takwimu, sheria ya biashara na upangaji wa mikakati. Mwaka wa pili mwanafunzi huchagua eneo la kubobea, na baadhi ya vyuo vina eneo la mifumo ya habari ya usimamizi. Mwisho kuna mradi wa utafiti.

Mtaalamu wa kompyuta akiitazama orodha hiyo ataona kwamba hakuna hata somo moja litakalomfanya awe fundi bora zaidi. Hilo ni kweli, na ni vyema alijue mapema. Anachopata ni lugha ya watu wanaoamua pesa ziende wapi. Ukitaka kuelewa tofauti hiyo, chukua mfano mdogo wa hospitali.

Afisa wa TEHAMA anaona diski za seva ya hospitali zimechoka. Mfumo wa malipo unazimika mara kwa mara. Anaandika memo: diski mbili zimeharibika, seva haina nakala rudufu, tunaomba shilingi 380,000. Memo inakaa kwenye trei. Si kwamba mkurugenzi ni mtu mbaya. Kwenye trei ileile kuna ombi la dawa, la mafuta ya ambulensi na la kurekebisha paa la wodi ya wazazi, na hayo yote anayaelewa.

Afisa aliyepita darasa la fedha angeandika hivi. Hospitali hukusanya takriban shilingi 240,000 kwa siku katika saa 12 za kazi, yaani 20,000 kwa saa. Mwezi uliopita mfumo ulizimika kwa saa sita. Malipo yaliyocheleweshwa au kupotea ni hadi 120,000. Lakini kwa kuwa wagonjwa wengine walilipa kwa risiti za mkono, tuseme hasara halisi ni nusu, yaani 60,000 kwa mwezi. Diski mpya za shilingi 380,000 zitajilipa kwa muda unaozidi miezi sita kidogo. Kiasi ni kilekile, tatizo ni lilelile, lakini sasa mkurugenzi ana kitu cha kupeleka mbele ya kamati. (Takwimu hizi ni za mfano. Weka za kituo chako.)

Angalia pia kwamba afisa huyo alipunguza hasara kwa nusu yeye mwenyewe kabla hajaulizwa. Wahasibu humwamini mtu anayefanya hivyo. Ukiwapelekea takwimu iliyotiwa chumvi mara moja, mara ya pili hawatasoma.

Zabuni mbili za mfumo mmoja

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, kwa sababu hesabu hii huja katika kila kaunti, kila sacco na kila shule ya bweni inayonunua mfumo wa kompyuta, na mafundi wengi huikosa.

Tuseme ofisi inataka mfumo wa kukusanya ada za soko na maegesho. Kampuni ya kwanza inauza mfumo moja kwa moja kwa shilingi 6,000,000, kisha inadai 600,000 kila mwisho wa mwaka kwa matengenezo, kwa miaka mitano. Kampuni ya pili haiuzi. Inakodisha mfumo wake kupitia intaneti kwa shilingi 2,000,000 kila mwisho wa mwaka, kwa miaka mitano. Ipi ni nafuu?

Wengi watajumlisha. Ya kwanza ni milioni 6 na milioni 3 za matengenezo, jumla 9,000,000. Ya pili ni 10,000,000. Basi tununue ya kwanza.

Hesabu hiyo ina kasoro. Shilingi milioni moja utakayoilipa mwaka ujao si sawa na milioni moja unayoitoa leo. Ile ya mwaka ujao bado iko mkononi mwako, inafanya kazi nyingine au inakupunguzia deni. Tukichukulia kwamba pesa zinagharimu asilimia 12 kwa mwaka, milioni moja ya mwisho wa mwaka wa kwanza ni sawa na shilingi 892,857 za leo, kwa sababu 892,857 ukiiongeza asilimia 12 unapata milioni moja. Ya mwaka wa pili ni 797,194 za leo, ya tatu 711,780, ya nne 635,518, na ya tano 567,427. Jumlisha zote tano upate takriban 3,604,776. Hiyo ndiyo thamani ya leo ya kulipa milioni moja kila mwisho wa mwaka kwa miaka mitano.

Sasa rudia zabuni zetu. Ya kwanza ni 6,000,000 za leo, pamoja na asilimia 60 ya 3,604,776, yaani takriban 2,163,000. Jumla ni 8,163,000. Ya pili ni mara mbili ya 3,604,776, takriban 7,210,000. Zabuni iliyoonekana ghali kwa milioni moja sasa ni nafuu kwa takriban shilingi 953,000. Jibu limegeuka.

Msomaji mwenye kalamu ajaribu mwenyewe kwa asilimia 5 badala ya 12. Ataona kwamba tofauti inakuwa ndogo sana, chini ya shilingi 75,000, na kwamba jibu limegeuka tena: zabuni ya kwanza ndiyo nafuu. Hiyo ni sababu ya kuuliza, kila unapoletewa hesabu ya namna hii, mtu alitumia riba ya kiasi gani na kwa nini.

Lakini somo halijaisha, na hapa ndipo mtaalamu wa kompyuta mwenye mafunzo ya biashara anamzidi mhasibu asiyejua kompyuta. Mfumo wa kukodisha ni nafuu, sawa. Ofisi ikichelewa kulipa mwaka wa tatu, je, mfumo unazimwa? Data za wafanyabiashara wa soko ziko kwenye seva ya nani, na zikitakiwa zitatolewa kwa muundo gani? Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka mkataba wa maandishi kati ya mwenye data na anayezichakata kwa niaba yake. Swali la nani anabaki na data mkataba ukiisha linapaswa kuwa ndani ya mkataba huo kabla ya kutia saini. Ukiliuliza baada ya ugomvi umechelewa.

Kuna jambo jingine la upande wa serikali. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, kifungu cha 107, inazitaka kaunti zitenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo. Kununua mfumo kunaweza kuhesabiwa upande wa maendeleo. Kukodisha ni matumizi ya kawaida ya kila mwaka, kapu lilelile la mishahara na mafuta ya magari. Kwa hivyo pendekezo linaloshinda kwa hesabu linaweza kukwama kwenye kapu. Fundi asiyejua hilo atadhani kuna mtu anamfanyia fitina.

Biashara ya programu duniani imekuwa ikihama kutoka kuuza leseni mara moja hadi kulipisha kwa mwezi au kwa mwaka. Hesabu hii itazidi kuwajia, muwe na MBA au msiwe nayo. Ukweli ni kwamba mnaweza kujifunza kuipiga bila kulipa karo ya chuo kikuu. Tumeifanya hapa kwa aya chache.

M-Pesa ilikuwa swali la biashara kwanza

Mfano mkubwa zaidi tunao mfukoni. M-Pesa ilizinduliwa na Safaricom mwezi Machi 2007, lakini majaribio yake yalianza Oktoba 2005. Wakati huo Vodafone ilikuwa imepata msaada wa fedha kutoka idara ya maendeleo ya kimataifa ya serikali ya Uingereza, na lengo halikuwa kutuma pesa hata kidogo. Lengo lilikuwa kuwawezesha wakopaji wadogo kupokea na kulipa mikopo kwa simu, kwa kushirikiana na shirika la mikopo midogo la Faulu.

Mitambo ilifanya kazi. Ila walioendesha majaribio waliona mambo mawili. Kwanza, utaratibu wa mikopo ya vikundi, wa kukutana kila wiki na kuwekeana dhamana, haukuingiliana vizuri na malipo ya simu, na vitabu vya hesabu vya mkopeshaji vilipata taabu. Pili, wateja walianza kutumia huduma kwa mambo ambayo hayakupangwa: kumtumia mwenzao pesa, kumlipa mtu aliye mbali, kuweka pesa kwenye simu kabla ya safari ili wasipore njiani. Uamuzi mkubwa ulikuwa kuiacha hadithi ya mikopo kando na kuuza kitu kimoja rahisi, kutuma pesa nyumbani.

Uamuzi huo haukutoka kwenye msimbo wa programu. Ulitokana na kumtazama mteja, jambo ambalo darasa la masoko hulifundisha. Na ugumu uliofuata vilevile haukuwa wa kompyuta tu. Wakala wa kijijini anahitaji floti kwenye simu na noti kwenye droo kwa wakati mmoja. Siku ya mishahara mjini anaishiwa na floti, na wakala wa mashambani anaishiwa na noti. Nani atasawazisha, kwa kamisheni gani, na wakala atapata faida ya kutosha kubaki dukani? Mtu aliyeweza kujibu maswali hayo huku akielewa jinsi ujumbe unavyosafiri kutoka kwenye laini ya simu hadi kwenye seva alikuwa na thamani kubwa kuliko aliyejua upande mmoja.

Walioipitia njia hii, na asiyeipitia

Mfano unaotajwa sana ni Satya Nadella. Alisomea uhandisi wa umeme India, kisha sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Wisconsin-Milwaukee, akajiunga na Microsoft mwaka 1992. Akiwa mfanyakazi wa kampuni hiyo karibu na Seattle alisoma MBA ya Chuo Kikuu cha Chicago kwa kusafiri kwa ndege mwisho wa wiki, akamaliza mwaka 1997. Alifanywa mkurugenzi mkuu wa Microsoft Februari 2014. Hebu hesabu: kutoka kumaliza MBA hadi kiti hicho ni takriban miaka 17. Sundar Pichai wa Google alisomea uhandisi wa metali, akachukua MBA katika shule ya Wharton mwaka 2002, akajiunga na Google mwaka 2004. Hapa nyumbani, Peter Ndegwa aliyechukua uongozi wa Safaricom Aprili 2020 ana shahada ya uchumi ya Chuo Kikuu cha Nairobi na MBA ya London Business School.

Lakini aliyemtangulia Ndegwa kwa karibu miaka tisa, marehemu Bob Collymore, alisema hadharani kwamba hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Aliiongoza kampuni hiyo kutoka mwaka 2010 hadi alipofariki Julai 2019. Wale wanaotangaza kozi kwa majina ya wakubwa hawamtaji huyu. Majina yanaonyesha kwamba njia ipo, hayaonyeshi kwamba ndiyo iliyowafikisha.

Kwa walio katika utumishi wa umma

Hapa tunaomba msomaji awe makini, kwa sababu hasara nyingi hutokea hapa. Matangazo ya nafasi za juu za TEHAMA serikalini, kama mkurugenzi na naibu wake, mara nyingi huomba shahada ya uzamili. Swali ni uzamili wa nini. Baadhi ya matangazo husema uzamili wa TEHAMA, sayansi ya kompyuta au fani inayolingana. Mengine hukubali uzamili wa usimamizi, mradi shahada ya kwanza iwe ya kompyuta. Mtu mwenye shahada ya kwanza ya ualimu na diploma ya kompyuta, akiongeza MBA juu yake, anaweza kujikuta hafai kwa upande wowote.

Chukua matangazo manne au matano ya miaka ya karibuni ya nafasi unayoitaka, kutoka kaunti mbalimbali na wizara, uyasome neno kwa neno. Kisha uliza kwa maandishi katika ofisi ya Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, au ofisi ya rasilimali watu ya idara yako, kama MBA itahesabiwa katika muundo wa utumishi wa kada yako. Jibu la maandishi ni bora kuliko la kwenye korido.

Jambo la pili ambalo watu husahau ni kozi za Shule ya Serikali ya Kenya, yenye kampasi Kabete ya Chini, Mombasa, Matuga, Embu na Baringo. Nafasi za ngazi ya kati na ya juu mara nyingi hutaka kozi ya usimamizi wa ngazi ya juu isiyopungua wiki nne, na zile za ukurugenzi kozi ya uongozi wa kimkakati isiyopungua wiki sita. Kuna watu wenye MBA wanaoachwa kwa kukosa cheti cha wiki nne. Kozi hizi ni fupi na nafuu kuliko shahada, na mwajiri akiwa na bajeti ya mafunzo huweza kuzilipia. Zianze wewe kwanza.

Na kama ni mwajiri anayekulipia uzamili, soma masharti kabla ya kushangilia. Mara nyingi mtumishi hutakiwa kutia saini ahadi ya kubaki kazini kwa muda fulani baada ya masomo, au kurudisha pesa.

Kwa wenye biashara zao

Kijana mwenye duka la kompyuta huenda asihitaji shahada, ila anahitaji somo moja la ndani yake, nalo ni mzunguko wa pesa. Serikali imetenga asilimia 30 ya ununuzi wa umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu kupitia mpango wa AGPO, na wengi wamesajili kampuni kwa ajili hiyo. Tuseme umeshinda zabuni ya kompyuta 20 kwa shilingi 70,000 kila moja, jumla 1,400,000. Wewe unazinunua kwa 58,000, jumla 1,160,000. Faida ni 240,000, na nyumbani mmeshaanza kupanga.

Pesa za kununulia umekopa kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Hiyo ni 34,800 kila mwezi. Malipo yakija baada ya miezi miwili umebaki na faida ya 170,400. Yakichelewa hadi mwezi wa saba, riba imefika 243,600 na umefanya biashara ya hasara ingawa hujakosea popote na kompyuta zote zinafanya kazi. Kuchelewa kwa malipo ya wanakandarasi ni tatizo linalojulikana nchini, kwenye serikali kuu na kwenye kaunti. Kwa hivyo bei ya zabuni ipangwe ukijua hivyo, na kabla ya kuchukua LPO ulizia kama bidhaa hiyo ina fungu katika bajeti ya mwaka huu wa fedha.

Gharama, na njia nyingine

Karo hutofautiana sana. MBA katika chuo cha umma inaweza kuwa laki kadhaa kwa kozi nzima, na katika baadhi ya shule za biashara za kibinafsi inapita milioni. Tuchukue mfano wa karo ya shilingi 500,000, bila nauli, vitabu na gharama za utafiti. Mfanyakazi wa mshahara wa 85,000 akipanda cheo aongezewe 15,000, baada ya PAYE, SHIF na tozo ya nyumba atabaki na karibu 10,000, pengine pungufu. Atahitaji zaidi ya miaka minne ya nyongeza hiyo kurudisha karo, tukihesabu kuanzia siku ya kupanda cheo. Siku hiyo inaweza kuchelewa sana baada ya mahafali. Kwa mtu wa miaka 30 hesabu hiyo inalipa vizuri. Kwa wa miaka 54 anayestaafu akiwa na 60, ni bora akaweka pesa kwenye sacco.

Vilevile linganisha na njia nyingine. Ukitaka kubaki fundi na kupanda ndani ya ufundi, usalama wa mitandao kwa mfano, uzamili wa TEHAMA au vyeti vya kitaaluma vina maana zaidi. CISA ni ya wakaguzi wa mifumo. PMP ni ya wasimamizi wa miradi, na mwenye shahada ya kwanza hutakiwa awe ameongoza miradi kwa miezi 36 na kusoma saa 35 za usimamizi wa miradi kabla ya mtihani. MBA inamfaa anayetaka kuondoka kwenye kibodi: kusimamia watu, bajeti na mikataba. Asiyependa mikutano asijidanganye.

Onyo moja kuhusu mradi wa utafiti. Masomo ya darasani wengi huyamaliza kwa wakati, kisha hukwama kwenye mradi, mwaka mmoja, miwili, huku ada za usajili zikiendelea kudaiwa. Chagua mada kutoka kazini kwako mwanzoni mwa mwaka wa pili. Afisa wa hospitali anaweza kuchunguza jinsi mfumo wa malipo ulivyobadilisha muda wa kungoja wa wagonjwa. Data ziko mezani kwake, akipata tu kibali cha kuzitumia na kuwalinda wagonjwa kwa kuondoa majina.

Kabla ya kulipa karo

Hakikisha kozi na chuo vimeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Ukiisoma MBA ya mtandaoni kutoka nje ya nchi, ulizia tume hiyo mapema kuhusu utaratibu wa kutambuliwa kwa shahada za kigeni, kwa sababu bodi za ajira hudai barua hiyo. Yeyote anayekuahidi MBA ya wiki chache bila mtihani anakuuzia karatasi, na Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi imekuwa ikiwashtaki watumishi wenye vyeti bandia na kudai mishahara waliyolipwa.

Kwa kawaida vyuo huomba shahada ya kwanza ya daraja la pili la juu, au la pili la chini pamoja na uzoefu wa kazi wa miaka miwili hivi. Mwenye diploma pekee amalize shahada kwanza. Wanaotafuta fedha waulize Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, ambayo ina mikopo na ufadhili kwa baadhi ya wanafunzi wa uzamili, na pia sacco zao, ambazo mara nyingi zina mkopo wa karo wa riba nafuu.

Ukienda kuomba nafasi chukua nakala za vyeti kuanzia KCSE, matokeo kamili ya shahada ya kwanza, kitambulisho, barua za wadhamini wawili ambao mmoja ni msimamizi wako kazini, na picha ndogo. Uliza ratiba ya madarasa ya jioni imepangwa siku gani, na kama mihula miwili iliyopita ilifundishwa yote au madarasa yaliahirishwa kwa kukosa wanafunzi. Mwulize hivyo mwanafunzi aliyeko mwaka wa pili, si karani wa udahili.

Zoezi kwa msomaji: chukua mfumo mmoja unaotumika ofisini au dukani kwako, uandike kwa ukurasa mmoja unagharimu kiasi gani kwa miaka mitano, unaokoa nini, na nini kitatokea mwenye mfumo akifunga kampuni yake kesho. Usitumie neno lolote la kompyuta ambalo mhasibu wenu hatalielewa. Kisha mpe mhasibu huyo aukosoe.